Bawaba

Nilitoka Jadida asubuhi kununua bawaba mbili.
Mlango wa jikoni umeng'oka,
siku ya nne leo tumeuegemeza kinu.

Dukani kwa Shaame Faki, nyuma ya soko la Wete:
misumari ya nchi tatu, kufuli, kamba za manila,
na juu ya debe la rangi iliyoganda
vitabu, vyembamba, vinaona haya.

"Na hivi?"
"Vyetu," akajibu, macho kwenye mizani.
"Twachapa wenyewe, chumba cha nyuma,
umeme ukitaka."

Cha kwanza riwaya. Kaandika Mize Kombo,
muuguzi wa zamu ya usiku,
mimi nikimjua kwa sindano tu.
Kumbe tukilala wodini, yeye anatusikiliza!
Ukurasa wa arubaini na moja umechapwa kichwa chini.
Nikakipindua kitabu, nikaendelea, nimesimama,
mnunuzi wa saruji akanipiga kikumbo,
sikumwona sura.

Cha pili mashairi, kurasa ishirini na nne,
pini mbili, moja ina kutu.
*Mama kenda kisimani kufua.*
Lakini ile *u* si ya mashine.
Mashine ilisema *kufa*.
Mtu kaichomeka kwa kalamu ya buluu.
Nikafungua nakala nyengine, na nyengine,
zote zile zilizokuwa debeni:
*u*, *u*, *u*,
huku chini mkono umechoka, herufi imelala ubavu,
ila ipo.
"Mlichapa ngapi?"
"Sitini."
Basi mtu alikaa, pengine usiku mzima, kwa taa ya chemli,
akamwokoa mama yule mara sitini.

Cha tatu si hadithi, si shairi.
Visima vya kaskazini:
nani alichimba, maji matamu au ya chumvi,
kilikauka mwaka gani.
Nikaenda mbio mpaka Kiuyu. Vinne.
Cha bibi yangu hakimo.
Kurasa za mwisho ni tupu, na juu yake mstari mmoja:
*Tulichokisahau kiandike hapa,
kisha kitabu ukirudishe dukani.*

Bawaba mbili, alfu nane.
Vitabu vitatu, alfu tisa.
Mfukoni mna kumi.

Mke wangu Time akautazama mlango,
akanitazama mimi,
akasogeza kinu kidogo kushoto.
Hakusema kitu. Ndiyo adhabu yenyewe.

Usiku nikamsomea mama vile visima vinne.
Akanyamaza muda. Halafu, kitandani, uso ukutani:
"Chetu kikiitwa Nisubiri."
"Kwa nini?"
"Maji yake yakija polepole. Ukitaka ndoo moja,
utasikia habari za mji mzima."

Nikaandika.
Kiuyu. Nisubiri. Maji matamu, yenye uvivu.
Kisha nikazihesabu herufi, moja moja, mara mbili,
nisije nikaua mtu.