Mkasi wa Nguo

Mkasi huu, kwa miaka thelathini na moja,
haukukata ila nguo.
Si karatasi, si kucha, si uzi wa kishada cha mtoto,
na aliyeugusa nilimfukuza barazani.
Leo asubuhi, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
nimeuosha kwa maji ya ndimu
nikakatia bua la ua.

Mawaridi nimeyatoa Mgandini,
yameshuka na basi la Lushoto yamefungwa gazetini,
kumi, kwa bei ya mchele wa siku mbili.
"Ya harusi?" muuzaji akauliza.
"Ya mke," nikasema.
Akacheka, akaniongeza moja lililovunjika shingo.

Chombo sina.
Ipo chupa ya chai iliyopasuka kioo tumboni;
ganda lake la bati lina tausi wawili,
mmoja ameliwa na kutu mpaka mkiani.
Nikakung'uta vigae, nikatia maji,
nikatia na sukari kidogo, kama nilivyosikia.

Sasa, kushona najua.
Najua kola inavyotaka kukaa, najua bega moja
la kila mtu liko chini kidogo ya mwenziwe.
Nikatoa futi shingoni, nikapima:
bua refu, chupa moja na nusu,
yanayofuata yapungue inchi mbili mbili,
majani ya mkangaja yawe bitana kwa nyuma.
Nikarudi hatua tatu, kama namwonyesha mteja kioo.
Gwaride!
Kumi na moja, kimo kwa kimo,
yananitazama kama askari wanaodai mshahara.

Nikachomoa yote. Nikaanza tena.
Nikachomoa.

Bi Mkunde akapita na ndoo, akachungulia:
"Mwinjuma, hayo unamshonea nani?"
"Mwanatumu anatoka Bombo leo."
"Si wamemfunga jicho?"
"La kushoto. La kulia bado linangoja zamu yake, ukungu mtupu."
"Sasa ataona nini?"
Akaenda zake, ndoo ikimrowesha kanga.

Nikakaa kwenye kigoda cha cherehani.
Nikainamisha pua juu ya waridi la Lushoto:
harufu ya gazeti. Harufu ya buti la basi.
Ya waridi, hapana.

Basi nikachukua ngazi ya Bi Mkunde bila kuomba,
nikashusha asumini ua wa nyuma,
vikonyo vyembamba visivyopimika kwa futi.
Nikakata rihani iliyoota penye maji ya udhu.
Nikamtuma mjukuu, Shedafa, mbio mpaka Makorora,
akaja na vilua vitatu ndani ya kikasha cha penseli.

Vikajaa. Vikalala.
Nikavifunga kiuno kwa uzi wa mkonge,
fundo lile lile la magunia ya marehemu baba;
vikaegemea bado, upande wa mlango,
kama mtu anayesikiliza hodi.
Katika mawaridi nikabakisha moja, la shingo iliyovunjika,
nikalishika pini.

Saa kumi, bajaji.
Mkono wake begani kwangu, lile bega la chini.
Kizingitini akasimama. Hakuuliza.
Akaifuata pua yake, hatua, hatua, hadi mezani,
akapapasa: bati, uzi, jani.
Kidole kikafika kwenye pini, kikatulia.
"Hii kazi," akasema, "ya cherehani."
Kisha: "Limeinama."
"Nitalinyoosha."
"Thubutu! Kesho wakinifungua nataka nione
lilivyoinama."

Usiku nimeupangusa mkasi.
Utomvu umeingia kwenye msumari wa katikati, hautoki.
Asubuhi ninayo suruali ya mwalimu, kijivu, ya mahafali.
Itanukia asumini kwenye pindo.
Akiuliza, nitasema ni kitambaa.