Nundu ya Mjozi

Mti uliangushwa na theluji, si na sisi.
Andika hivyo, baba alimwambia bwana misitu,
andika: theluji ya mwezi wa pili, nzito, ya majimaji,
na mjozi wenyewe ulikuwa umeshachoka kusimama.
Turgunboy akalizunguka gogo mara tatu,
akagonga muhuri wake mwekundu,
akaichungulia nundu
kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.
"Zamani," akasema, "wangeipima kwa dhahabu."
"Zamani," baba akajibu. "Shika huku, tubebe."

Ilikaa banda la punda miaka miwili,
imepakwa nta kwenye majeraha isipasuke.
Kuku waliifanya kiti.

Mama ana rovu.
Lilimwota kabla sijazaliwa; maji ya Arslanbob ni matamu
lakini kuna kitu yanakosa.
Daktari wa mjini alisema kisu.
Mama alisema kitambaa.
Basi kitambaa: cha pamba kiangazi, cha sufu wakati wa baridi,
na pini chini ya kidevu, hata mbele yetu, hata mbele ya tanuri.
Watoto wa mtaa wa juu walimpa jina.
Silitaji.

"Washa," baba akasema.
Kerezo likaguna. Bilauri ya chai
ikatembea yenyewe hadi ukingo wa meza.
Mwanzoni ni kelele tu, tak, tak, tak,
patasi inapiga mti, inapiga hewa, inapiga mti,
kwa maana nundu haijawahi kusikia habari za duara.
Likaruka gamba. Likaja vumbi chungu,
vidole vyetu vikakolea rangi kama vya bibi harusi.
Kisha sauti ikabadilika. Niieleze vipi?
Mtu alikuwa akibishana, sasa ananong'ona.
Mbao nyoofu hutoa maranda marefu kama tambi;
haya yalitoka vipande vipande,
nyuzi za nundu hazina kibla.
"Polepole," baba aliiambia patasi, si mimi.

Saa nane umeme ukakatika, ada ya majira ya baridi.
Kile kilichokuwa ukungu unaozunguka
kikapunguza mwendo, kikapunguza,
kikasimama, kikatutazama.

Macho. Mamia ya macho,
ya ndege, ya samaki,
macho ya machipukizi ambayo hayakupata kutoka,
kila moja na kope zake za kahawia,
na moshi mweusi ukipita katikati bila kuligusa hata moja.
Baba akatoa leso akapenga kamasi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkate.
"Hiki ndicho kile kigoda cha kuku?"
"Ndicho, Oyniso."
"Na ndani kulikuwa hivi siku zote?"
"Siku zote. Mti ulikuwa unaumwa, au unajikinga. Hakuna ajuaye."
Akakiinamia. Upande wa chini vumbi lilikuwa limeziba.
Akatafuta cha kufutia.
Msasa, hapana. Leso ya baba, hapana kabisa.
Akachomoa pini.

Umeme uliporudi tulimalizia:
tumbo pana, shingo fupi,
mdomo umeachiwa gamba upande mmoja.
Mafuta ya jozi mara tano, siku tano.
Tukakijaza maji kujaribu, kikavuja,
uzi mwembamba kando ya kitako,
pale gamba lilipojificha ndani ya nyama ya mti.

Sasa kiko dirishani. Kinatunza sindano za kufumia,
miwani iliyovunjika mkono,
na kalamu ya daftari la madeni.

Mwezi wa tano alikuja mnunuzi kutoka Bishkek.
Alitaja bei. Akataja nyingine.
Baba akamtazama mama,
naye alikuwa shingo wazi, kwa sababu ya joto la tanuri,
ndivyo alivyosema.
"Hakiuzwi," mama akamwambia. "Kinavuja."
"Sitaki cha kutilia maji, mama. Nataka cha kutazama."
"Basi," akasema, akimmiminia chai,
"umeshakitazama."