Ganda la Jozi

Kipimo kilisema: mfupa mzito, kama wa kijana.
Lamara akacheka, akamtilia daktari
jozi tatu mfukoni.

Insulini ilikuwa ikibisha hodi miaka kumi;
seli zikajifanya hazipo nyumbani.
Sukari, kwa kukosa pa kulala,
ikajipenyeza mifupani,
ikakaza nyuzi zilizojua kupinda.
Hilo mashine haikuliona.

Januari, hapa Kutaisi, lifti mbovu,
aliteleza kipandio kimoja.
Kimoja tu.
Nyonga ikaalika.

Sasa anapasulia jozi kitandani, kwa nyundo ya marehemu mumewe,
kila moja akiipima kwanza kiganjani.
"Hii nzito," ananiambia mimi mkwewe.
"Nje nzima kabisa.
Haya, ngoja."