Mwanachama Nambari Sitini na Mbili

Tarehe mosi. Tukuyu, mvua haibishi hodi.
Nyuma ya duka la mbolea nimewasha kompyuta,
miguu nimeiviringa khanga, chai inapoa,
nahesabu walionikumbuka.

Elfu nne kwa mwezi.
Wanapata bei ya parachichi kabla dalali hajafika
na mizani yake inayolala upande mmoja.
Wananitumia picha za majani yenye madoa, nami nawaambia
dawa ipi, kipimo gani, na lini waache mti upumue.
Mia moja na kumi waliingia msimu wa mavuno.
Msimu ulipokwisha waliniaga kama wageni wa harusi waliokwisha kula:
kimya, kwa mlango wa uani.

Biashara hii huwezi kuifunga ndoa ukalala.
Kila mwezi unaposa upya
mchumba uliyekwisha kumtolea mahari.

Gwantwa, mdogo wangu, hunicheka.
"Unauza nini wewe? Gunia liko wapi?"
Nauza mlango, namjibu.
"Na ufunguo?"
Ufunguo nao nauza. Siku thelathini, unayeyuka.

Sasa huyu nambari sitini na mbili,
Asangalwisye Mwasulama, wa Kyimo,
hulipa alfajiri, wa kwanza, bila kukumbushwa,
na miezi mitano hajafungua hata ukurasa mmoja.
Mwenye duka akaninong'oneza: nyamaza, huyo ndiye mteja,
analipia pilau asiyoila.
Nikanyamaza miezi miwili mingine.
Halafu haya ikanishika, nikapiga simu.

Akapokea mwanamke. Subilaga.
"Tulimzika Machi," alisema, "mvua ikinyesha hivi hivi."
Nikaanza maneno ya kurudisha, elfu ishirini na nane,
akanikata:
"Kila nikilipa, simu yake inaandika,
Asante, Ndugu Asangalwisye, bado uko nasi.
Nani mwingine anamwambia hivyo?"

Ujumbe ule niliuandika mwenyewe,
usiku mmoja umeme ukikatika na kurudi,
haraka haraka, nikiwaza kodi ya chumba.

Sikumfuta.
Sikujua hata la kusema,
nikatengeneza nywila mpya, nikamsomea herufi kwa herufi,
naye akaandika, nadhani kwenye ganda la kiberiti,
maana alisema ngoja, pamejaa, nigeuze upande.

Jana saa nne usiku kidoa cha kijani
kikawaka kando ya jina la marehemu.
Nikashtuka, chai yote kwenye khanga.
Kisha swali likaingia, bila salamu:

"Miti ya kule bondeni inaangusha matunda yangali madogo.
Yeye alikuwa akikuuliza nini, nawe ukimjibu nini?
Anzia mwanzo. Nimeshalipa."