Mstari Uliolala

Utomvu wa mti wa vanishi hauanikwi juani.
Bakuli lililopakwa huingizwa kabatini,
kuta za mbao hulowanishwa kwa kitambaa,
mlango hufungwa, na mle ndani, gizani,
kwenye joto la pumzi, rangi hukauka
kwa sababu ya maji.
Kitendawili. Tega:
ukavu hunilegeza, unyevu hunikaza.

Nilikitegua nikiwa na miaka ishirini na sita,
huko Morioka, ndani ya koti jeupe la kuazima:
ni kimeng'enya, lakase,
chembe nne za shaba zilizofichwa ndani ya protini,
zinazonyang'anya elektroni upande huu
na kuikabidhi oksijeni upande ule,
na oksijeni ikishashiba huwa maji.
Wizi tu, wenye utaratibu.

Baba aliponiletea chupa mbili
hakuuliza kitu. Alisema tu,
"Mabakuli ya Oktoba hayakazi."
Siku tisa kabatini, na kidole cha mpwa wangu Mitsuki
kimeacha alama kwenye ule weusi
kama muhuri wa karani.

Chupa ya kwanza: utomvu mbichi,
maziwa yanayogeuka kahawia huku unayatazama.
Ya pili: uliopikwa, uliokorogwa kwenye beseni pana
juu ya makaa, maji yatoke, ung'ae.
Kazi ya Baba, miaka arobaini na mmoja.
Hana kipimajoto. Ana mgongo wa mkono.

Nikaandaa. Bafa yenye uchachu, nyuzi ishirini na tano.
Kitendanishi kisicho na rangi,
ambacho lakase ikikigusa
hugeuka kijani cha shingo ya bata dume.
Vichupa vya pembe nne, vimefutwa alama za vidole.
Mwanga wa nanomita mia nne na ishirini.
Yuniti moja: maikromoli moja kwa dakika.
Usiniulize kimeng'enya kimo kingi kiasi gani;
mashine haihesabu vichwa, inahesabu kazi.
Shamba lina vibarua mia. Wangapi wanalima?

Na kila kipimo kinahitaji maiti yake.
Nilichota matone ya ule mbichi, nikayachemsha dakika kumi,
ili nijue sifuri inafananaje,
ili nisidanganywe na rangi inayojitokea yenyewe.

Mbichi: mstari ulipanda
kama mtu aliyesahau kitu ghorofani.
Uliochemshwa: mstari ulilala.
Wa Baba: mstari ulilala.

Nikarudia. Nikabadili vichupa. Nikaisingizia bafa,
nikapima uchachu wake upya: nne nukta tano, haina kosa.
Nikamwomba Bi Hatsue, fundi wa zamu,
arudie kwa mkono wake mwenyewe.
Akaipandanisha mistari miwili kwenye skrini,
wa maiti yangu na wa Baba,
nikaona mstari mmoja.
"Huu nao umechemshwa," alisema,
bila kujua ni wa nani.

Jumapili nilirudi Joboji na kipimajoto mfukoni, kama mwizi.
Miti iliyokamuliwa msimu mzima ilikuwa imeshakatwa,
imelazwa kando ya njia na makovu yake meusi,
ngazi juu ya ngazi; mti mzima hutoa
kikombe kimoja cha chai, basi.
Baba alikuwa kwenye beseni.
Akageuza mkono, akaugusisha ukingoni,
akatulia kama anayesikiliza mlango wa pili.
"Vuguvugu," akasema.
Nyuzi hamsini na nane.
Mgongo wa mkono wake ulikuwa mwekundu, umevimba lengelenge,
na hakuwa na habari nao.

Nilikuwa nimekuja na nambari,
imeandikwa vizuri, pamoja na kiasi cha kosa lake.
Lakini nambari haina adabu:
haijui kukaa kitako kwanza, kunywa chai,
kuulizia magoti.

Nikachukua koleo, nikaondoa makaa mawili.
Hakuinua uso. Mwiko ukazunguka, ukazunguka.
Kisha akasema, polepole,
"La tatu pia."