Kura ya Bomba

Kiti cha mwenyekiti, kumbe, kinazunguka!
Chitanda kakizungusha mara tatu,
miguu haifiki zuliani,
kisha akagonga meza:
"Baraza la Newala limefunguliwa."

Hoja ilikuwa moja tu: bomba la shule.
Korosho ndiyo, kokoto hapana,
kopo la maziwa ndilo sanduku la kura.

Karani wa halmashauri akamwaga, akahesabu.
Hapana: hakuna.
Ndiyo: arobaini na mbili.
"Imepita!" akacheka, akitafuta kofia yake.

Somoe hakucheka.
"Darasani tuko arobaini na mmoja."

Kimya. Feni tu.
Mwalimu Nantumbwe akaitazama saa, akaiacha.

Chitanda akateremka kitini polepole,
akafungua kiganja kitupu, chenye harufu ya korosho:
"Nilikuwa na kiu sana."