Njia Nyeupe

Usukani ulikuwa kushoto, kama kwao Marekani,
na barabara zilikuwa zetu.
Ndiyo maana Shekalaghe alinihitaji,
yeye karani wa stoo ya mkonge kule Pongwe,
mimi mtoto wa jirani, Ngamiani,
miaka tisa, kiti cha kulia, macho ya kuazima.

Mastangi ile aliuziwa na Mgiriki aliyekuwa akifunga mizigo,
kwa bei ya kitanda na kabati, watu walisema.
Buluu ya dawa ya kufulia.
Puani farasi wa bati, mguu mmoja umekatika;
tukaiita Kiguru.

Nyuma ya lori la katani yeye haoni kitu
ila turubai, na nyuzi zinazopeperuka.
"Twende?"
Bado.
"Twende?"
Bado, basi la Lushoto.
"Twende, we mtoto?"
Njia nyeupe!
Silinda nane zikanguruma kwa pamoja,
tumbo langu likabaki nyuma na lori,
Muheza ikatujia mbio na machungwa yake.

Mkewe alisema gari lile linakunywa ada za watoto.
Hakukosea.
Fundi Kanji alipolifungia kabureta ya Bedfodi
hawakusemeshana mwaka mzima.

Kisha petroli ikawa ya kibali,
na Jumapili, saa nane mchana, magari yakanyamaza kwa amri.
Shekalaghe alivaa shati la mikono mirefu,
tukalisukuma hadi kivulini,
akaketi, vioo chini, nami kuliani kwake.
Tulifika Korogwe bila kuwasha.
Nilimwambia bado mara nne.

Mwanawe aliliuza kwa kilo, chuma chakavu.
Mlango mmoja uko Mabawa, geti la banda la mbuzi;
ukizungusha mkono, kioo bado kinashuka.

Lakini nilitaka kusema habari ya Bombo,
wodi ya wanaume, usiku, feni mbovu.
Nilivuta kigoda nikakaa kuliani kwake, bila kufikiri.
Akafumbua jicho moja.
"Njia nyeupe?"

Mimi nimeendesha malori miaka ishirini na mitatu.
Najua barabara tupu inavyofanana.
Nikatazama dripu, nikatazama ukuta, nikatazama mbele.

Bado, nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa,
akapunguza mwendo.